Ukurasa wa Themanini na Nane

Machi 3

Mvua imeanza leo mchana, na mimi nimeanza daftari jipya. Dada yangu anasema nikipandwa na hasira niandike, nisiwapigie watu simu. Haya, naandika.

Mhariri wa jarida la chama chetu cha sataranji alikuja dukani kwangu akijifanya anataka dawa ya kikohozi. Hana kikohozi wala nini. Alitaka orodha yangu ya makosa yaliyomo katika kitabu cha Katibu. Mwezi wa tano kuna mkutano mkuu, na wanachama watapiga kura: kitabu kichapwe upya kwa jina la Katibu, au kiwekwe kando aandike mtu mwingine. "Wewe ndiye Peni Nyekundu wetu," akaniambia. "Usipomkosoa wewe, nani mwingine ataweza?" Najua alikuwa ananipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Lakini orodha nilikuwa nayo tayari, kwa hiyo nilimwacha apake.

Katibu ana miaka themanini na moja. Alitunza kumbukumbu za chama kwa miaka arobaini, kisha akaandika historia yake. Ni mtu mpole, alikuwa rafiki wa Baba, na nilipokuwa mdogo alinibeba mabegani. Lakini hicho kitabu, jamani, ni mchele usiopepetwa. Mpaka leo nimehesabu makosa thelathini na saba. Tarehe, majina, na mchoro mmoja wa ubao ambao hauna mfalme mweupe kabisa. Mchezo gani huo wa mfalme aliyekwenda sokoni?

Yote hayo ningeyameza kwa maji. Lisilomezeka liko ukurasa wa themanini na nane, kuhusu fainali ya mwaka niliokuwa na miaka tisa: "Mchezo uliahirishwa. Kesho yake Fundi Saa hakufika kuumalizia, akahesabiwa ameshindwa." Huyo Fundi Saa ni marehemu Baba yangu. Baba hakufika! Mtu aliyetengeneza saa za mji mzima, mtu aliyefika harusini kabla ya bwana harusi!

Na karatasi ya mchezo huo ninayo, kwenye kopo la biskuti, kwa mkono wake mwenyewe. Hatua arobaini na sita, na chini kabisa: "Mweupe amesalimu amri." Baba alicheza weusi. Penseli ilimwishia njiani, za mwisho ameziandika kwa wino, lakini mwandiko ni wake herufi kwa herufi. Baba alishinda, na Katibu amemwandika mtoro.

Machi 5

Mvua. Makosa thelathini na tisa.

Machi 11

Leo nimeletewa cheti cha dawa chenye kipimo cha mtu mzima, na mgonjwa ni mtoto wa miaka mitatu. Mama mtu amesimama mbele yangu, mwanawe kamlalia begani. Nilimwomba asubiri kidogo, nikaingia chumba cha nyuma nikampigia daktari. Alishtuka, alikuwa amechanganya vyeti viwili. "Ahsante, umenistiri," akasema. Nimefanya kazi hii miaka ishirini na sita na hiyo ndiyo njia yangu: unampigia daktari kwanza, ndipo unafungua mdomo mbele ya mgonjwa. Kuna siku amekosea yeye, na kuna siku nimesoma vibaya mimi.

Jioni Dada alikuja kurudisha sufuria yangu, akasoma rasimu ya makala yangu juu ya Katibu.

"Hapa umemwita mwongo."

"Ndiyo."

"Unajua amedanganya, au unajua amekosea?"

"Tofauti iko wapi? Kosa ni kosa."

"Kosa ni kosa, mdogo wangu. Lakini mwongo ni mtu."

Akaondoka, na sufuria akaondoka nayo tena. Neno nimelifuta, kwa shingo upande.

Machi 16

Nimempa Mhariri sehemu ya kwanza, makosa kumi na tisa. La Baba nimeliweka akiba kwa sehemu ya pili. Nilitembea kurudi nyumbani bila mwavuli, nimefurahi kama mtoto aliyemaliza mitihani.

Machi 18

Wateja wawili, wote wa kikohozi. Cha kweli.

Machi 23

Jarida limetoka. Juu ya makala yangu kumeandikwa UONGO WA KATIBU, kwa herufi kubwa kuliko jina la jarida lenyewe. Sikuandika hivyo! Nilimpigia Mhariri. "Ah, shangazi, kichwa cha habari ni kazi ya mhariri," akasema. "Bila kichwa watu hawasomi." Nilimjibu maneno ambayo Dada asingependa niyaweke hapa.

Ukumbini mwa chama leo watu walinipa mkono wa hongera. Wawili walisoma kwa sauti habari ya ule mchoro usio na mfalme, wakacheka mpaka wakashikana mabega. Na mimi nilicheka. Niandike ukweli wangu pia, nilicheka. Kisha nikakiona kiti cha Katibu pale dirishani. Kwa miaka yote hiyo sijawahi kukiona kitupu siku ya Jumamosi. Mtu alikuwa ametundika mwavuli wake mgongoni mwa kiti, unadondosha maji sakafuni.

Machi 30

Binti wa Katibu amekuja dukani. Tulicheza pamoja utotoni, sasa tunaonana misibani tu. Alinipa cheti cha matone ya macho. Dawa hiyo naijua. Haiponyi, inachelewesha tu, na kipimo kilichoandikwa ni cha mtu ambaye amebakiwa na kidogo sana.

"Mzee ameiona makala?" nikauliza, na papo hapo nikatamani ulimi wangu uanguke.

"Haoni kusoma tangu mwaka jana. Nilimsomea mimi."

"Akasemaje?"

"Amesema nikushukuru. Kumi na mawili ni makosa yake, na anaona haya. Saba anasema si yake. Anauliza ulisoma toleo gani."

"La pili. Lenye jalada la kijani."

Alitingisha kichwa. "Ameniambia nisigombane na wewe. Mimi nilikuja nimejiandaa kugombana." Akachukua dawa, akafungua mwavuli, akatoka. Bora angenigombeza.

Aprili 2

Toleo la kwanza liko kwa Dada, Baba alipewa na Katibu mwenyewe, na limetiwa sahihi. Nilikaa mezani kwake nikalinganisha ukurasa kwa ukurasa. Yale saba hayamo. Tarehe ni sahihi, majina ni sahihi, na mfalme mweupe amekaa kwenye kiti chake. Ni mpiga chapa wa toleo la pili aliyevuruga, na mimi nimembandika Katibu makosa hayo mbele ya mji mzima, na watu wakacheka.

Dada alikuwa anamenya viazi. Hakusema, 'Nilikwambia.' Nilimwambia mwenyewe: "Sikumpigia daktari."

Aprili 6

Nimekwenda kwa Katibu. Nilisimama mlangoni kitambo kirefu nikijifanya nakung'uta mwavuli.

Sebuleni kwake kumefungwa kamba tatu toka ukuta hadi ukuta, na karatasi zimeanikwa kwa vibanio vya nguo: matokeo, barua, karatasi za michezo ya miaka na miaka. Kila msimu wa mvua unyevu huingia kabatini, naye na bintiye huanika. Mwaka mmoja walichelewa, nusu ya kumbukumbu ikaoza.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Peni Nyekundu huyo? Karibu, mwanangu. Angalia usikalie mashindano ya vijana, bado hayajakauka."

Nilimwomba radhi. Nilimwambia saba ni ya mpiga chapa, na kwamba kile kichwa cha habari sikukitunga mimi, lakini jina lililo chini yake ni langu. Alisikiliza amefumba macho.

"Nimekusamehe. Na yale kumi na mawili?"

"Yale ni yako, Mzee."

"Vizuri. Usinionee huruma ukaiharibu kazi. Nisomee yaliyobaki."

Basi nikamsomea. Naye akawa anajibu: "Langu." "Langu hilo." "La mpiga chapa." "Hapo nabisha." Kila alipobisha alimtuma bintiye: kamba ya pili, karatasi ya tatu toka dirishani. Na karatasi ilikuwapo pale pale, na mara tatu ilionyesha kuwa niliyekosea ni mimi. Nilijiandikia kwa peni yangu nyekundu pembeni. "Palipooza niliandika kwa kichwa," alisema. "Nacho kichwa, mwanangu, kimeshaingia unyevu." Tulicheka wote watatu.

Tukafika ukurasa wa themanini na nane. Nilisoma kwa sauti ile ile.

"Langu," akasema. "Twende mbele."

"Mzee, Baba alifika au hakufika?"

"Alifika."

Moyo ulinipasuka kwa furaha. "Kwa hiyo alishinda!"

"Hilo sikulisema."

"Sasa ikawaje?"

"Andika ni kosa la Katibu. Nina umri wa kulibeba. Kunywa chai, inapoa."

Binti yake alinitazama kama anayeniomba nisiendelee. Nilikunywa chai.

Aprili 8

Nimekasirika upya. Mtu anakubali makosa yote mpaka ya nukta, halafu hili moja analifungia mdomo. Karatasi ya Baba nimeitoa kwenye kopo na kuirudisha mara nne leo.

Aprili 13

Mvua. Sina la kuandika.

Aprili 20

Asubuhi simu ililia kabla sijafungua duka. Binti wa Katibu: bati limeng'oka kwa upepo, maji yanaingia juu ya kabati, njoo. Nilibandika karatasi mlangoni, "Nimefunga kwa dharura", nikakimbia.

Tulifanya kazi mpaka saa nane. Yeye anatoa majalada, mimi naanika, Katibu kakaa katikati na taulo mapajani anakausha kila anachopewa, anakitambua kwa vidole. "Hii ni barua. Hii ni hesabu ya viti. Hii itupeni, ni risiti ya soda." Kamba zilipojaa tukaanika juu ya viti, juu ya redio, juu ya ubao wa sataranji wenyewe.

Chini ya droo ya mwisho nilikuta bahasha ya kahawia, haijafunguliwa. Juu yake kuna tarehe, muda uliobaki kwenye saa ya mchezo, na sahihi mbili. Moja ya hizo sahihi ni ya Baba.

Niandike kwa asiyejua. Zamani mchezo ukiahirishwa, mwenye zamu haichezi hatua yake. Anaiandika kwa siri, inafungiwa ndani ya bahasha, mwamuzi anaihifadhi. Kesho yake bahasha inafunguliwa mbele ya wote na mchezo unaendelea. Mwamuzi wa fainali ile alikuwa Katibu.

"Mbona umenyamaza?" akauliza Katibu. Kisha, bila kunisubiri: "Umeipata."

"Ndiyo, Mzee."

Alikunja taulo, akalikunjua. "Kanuni ya chama siku hizo ilikuwa hivi: aliyefunga bahasha asipofika, haifunguliwi. Kwa hiyo haikufunguliwa. Lakini baba yako alifika. Robo saa kabla ya wakati, mpinzani bado yuko njiani. Akaniambia, 'Katibu, nimekosea kuandika.' Alikuwa ameurudia mchezo nyumbani, akagundua. Weusi huuona ubao kwa upande wao, na safu zina herufi zake. Alitaka kuipeleka kete ya ngome safu ya pili kutoka kushoto. Akahesabu kutoka kulia."

"Na kulia kulikuwa na nini?"

"Usiniamini mimi. Fungua uhakikishe."

Gundi ilikuwa imechoka, bahasha ilifunguka kama ua. Ndani kulikuwa na kikaratasi, na hatua moja kwa penseli. Sikuhitaji ubao, mchezo ule naujua kwa moyo tangu utotoni. Baba ameiandika ngome kwenye nyumba aliyokaa askari wake mwenyewe. Hatua hiyo haichezeki, na kwa kanuni, hatua isiyochezeka ikitoka kwenye bahasha, umeshindwa.

"Akaniomba niandike kuwa hakufika," Katibu akasema. "Nikamwambia, wewe, Fundi Saa, nikuandike umechelewa? Watu watakucheka maisha. Akasema, 'Wacha wacheke. Mwezi huu namfundisha binti yangu mdogo kuandika hatua. Kila siku namwambia, andika, hakikisha, ndipo ucheze. Bora asikie sikufika kuliko aone sikujua kuandika.'"

Nililia pale pale, na karatasi zinadondosha maji kichwani kwangu. Binti wa Katibu alinishika mkono. Kwa hiyo wino ule si penseli iliyoisha. Penseli inaishia pale mchezo ulipoahirishwa. Kuanzia jibu la Baba ni wino, kwa sababu hatua hizo aliziandika nyumbani: mchezo kama ulivyopaswa kwenda. Miaka arobaini na tatu nimeitazama karatasi ile na sijajiuliza. Ingekuwa cheti cha dawa ningeona kwa jicho moja.

"Kwa nini hukusema, Mzee? Ushahidi ulikuwa nao droo ya chini, na watu wanakuita mwongo."

"Niliahidi. Na pale nilidanganya kweli, mwanangu. Nimeandika uongo ndani ya historia nikijua ni uongo. Hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote yako thelathini na tisa, na hukuliona lilivyo." Kidogo alionekana kujivunia.

Aprili 22

Nimemweleza Dada. Kwanza alilia. Kisha akaanza kucheka. "Kumbe naye alikosea! Na alivyokuwa akinigonga vidole kwa penseli nikikosea hesabu!"

Nikamwambia nafikiria kuuruka ukurasa huo. Katibu mwenyewe anataka hivyo. Siri ni ya Baba.

"Baba alificha ili wewe usione," akasema Dada. "Umeshaona. Kazi ya siri imekwisha. Anayeumia sasa ni aliye hai."

Neno lile, mwongo, nililolifuta mwezi wa tatu lilikuwa la kweli mara moja tu katika kitabu kizima, na mara hiyo moja Katibu alidanganya kwa ajili yangu.

Aprili 27

Nimemsomea Katibu sehemu ya pili yote kabla ya kumpa mtu. Penye ukurasa wa themanini na nane aliinua mkono nisubiri. Nilimwambia, "Ukikataa, nalitoa." Akasema, "Baba yako angekuuliza kama umehakikisha." Nikasema nimehakikisha. "Basi acha libaki."

Mei 4

Jarida limetoka. Mhariri alitaka kichwa chake tena. Nilimwambia akibadilisha hata nukta, ajitafutie duka jingine la dawa. Amechapa nilivyoandika. Yanaanza makosa yangu kumi, saba ya toleo na matatu aliyonionyesha Katibu, ndipo yafuate yake, na ya mpiga chapa kando. Mwishoni nimeandika:

"Ukurasa wa 88. Si kweli kwamba Fundi Saa hakufika, na Katibu alijua si kweli. Aliandika hivyo kwa kutunza ahadi. Fundi Saa alifika, akakiri mwenyewe kuwa hatua aliyoifunga haichezeki, akaenda zake. Matokeo hayabadiliki: alishindwa. Mimi binti yake nilikuwa tayari kutangaza kuwa alishinda. Karatasi nilikuwa nayo, na sikuitazama vizuri."

Mei 11

Mkutano mkuu. Mvua imepungua, ukumbi ulijaa. Katibu aliingia ameshikwa mkono na bintiye, na watu walisimama bila kuambiwa. Wale wawili waliocheka mwezi wa tatu ndio waliomvutia kiti chake. Kura zilipigwa kwa kunyoosha mikono: kitabu kichapwe upya, kwa jina lake, pamoja na masahihisho.

"Wangapi?" alimnong'oneza bintiye, kwa sauti ya kusikika ukumbi mzima.

"Wote, Baba, isipokuwa wawili."

"Majina yao?"

"Baba!"

"Kwa ajili ya kumbukumbu tu."

Mei 19

Jua. Karatasi za Katibu zimekauka, tumezirudisha kabatini kwa tarehe. Bati limepigwa misumari mipya.

Jioni nilitoa kopo la biskuti. Nilishika peni nyekundu, nikairudisha mezani. Nilitafuta penseli, na chini ya zile hatua za wino nikaandika kidogo sana: "Hizi hazikuchezwa. Alizifikiria."

Mei 25

Kurasa za majaribio zimetoka kwa mpiga chapa. Nimeshinda kwa Katibu tangu asubuhi, mimi nasoma, yeye anasikiliza, bintiye anakuna nazi huku akitusahihisha matamshi. Katibu alinikamata makosa mawili ya kusoma, akafurahi mno.

Tulipofika ukurasa wa themanini na nane nilisoma: "Fundi Saa alifika robo saa kabla ya wakati."

"Soma tena," akasema.

Nikasoma tena. Nikamuuliza kama kuna kosa.

"Hakuna. Soma tena."